Debian imeingia, lakini skrini ni nyeusi

Kompyuta yenye Debian (mfumo endeshi wa familia ya Linux) ikiwaka na kuonyesha neno `login:` tu, mara nyingi hakuna kilichoharibika: mazingira ya picha hayakushuka. Faili ya netinst (kisakinishi kidogo cha Debian) huchota Xfce au GNOME mtandaoni, na hapa Goma mega huisha katikati ya kazi. Unganisha intaneti, ingia, andika `su -` (au `sudo -i` kama hukuweka nywila ya root, yaani msimamizi mkuu), kisha `apt update` na `apt install task-xfce-desktop`. Washa upya. Kwa RAM ya GB 2, usijisumbue na GNOME.

Skrini ikibaki nyeusi kabisa, shuku kadi ya picha. Kwenye menyu ya GRUB (inayotokea kompyuta ikianza kuwaka) bonyeza e, tafuta mstari unaoanza na `linux`, ongeza `nomodeset` mwishoni mwake, bonyeza F10. Klavie zetu za AZERTY ndizo hukwamisha watu hapa: GRUB huzisoma kama QWERTY, kwa hiyo m utaipata kwenye kitufe cha koma. Badiliko hilo ni la kuwasha mara moja tu. Picha ikirudi na kadi ni ya AMD, weka `firmware-amd-graphics`. Tangu Debian 12 imo katika sehemu ya `non-free-firmware` ya hazina ya Debian.

Kompyuta ikikubali nywila halafu ikakurudisha palepale? Bonyeza Ctrl+Alt+F3, ingia, angalia nafasi ya diski kwa `df -h`. Diski iliyojaa hufanya hivyo. Amri ya `apt clean`, ukiwa root, hupunguza mzigo. Nafasi ikiwepo, tazama `ls -l ~/.Xauthority`: faili hiyo ikiwa mali ya root, ifute.