Namna ya kurekodi bossa nova ya miaka ya 60 ukiwa nyumbani

Wengi wakitaka mlio wa albamu za zamani za bossa nova, muziki laini wa Brazil uliotokana na samba, huanza kwa kubandika mikwaruzo ya santuri kwenye kompyuta. Gitaa lisipocheza samba, hiyo mikwaruzo haisaidii kitu.

Hatua ya 1. Tumia gitaa la nyuzi za nailoni. La chuma linalia kwa ukali mno. Metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo) iwe 130 hivi kwa dakika, mapigo manne kwa bari, yaani kila kipimo kimoja cha muziki.

Hatua ya 2. Kodi tatu, yaani noti kadhaa zinazolia pamoja, zinatosha. Uzi wa 1 ni ule mwembamba kabisa, wa 6 ni ule mnene; freti ni vijiti vya chuma kwenye shingo ya gitaa. Dm9: uzi wa 5 freti ya 5, uzi wa 4 freti ya 3, nyuzi za 3 na 2 freti ya 5. G13: nyuzi za 6 na 4 freti ya 3, uzi wa 3 freti ya 4, uzi wa 2 freti ya 5. Cmaj9: uzi wa 5 freti ya 3, wa 4 freti ya 2, wa 3 freti ya 4, wa 2 freti ya 3. Ukitoka Dm9 kwenda G13, noti za nyuzi za 4 na 2 hazihami. Ule ulaini unatokea hapo.

Hatua ya 3, na hii usiikimbize. Hesabu 1 hadi 16 kwa bari mbili, yaani hesabu mbili kila pigo. Kidole gumba kipige besi kwenye 1, 5, 9 na 13. Vidole vitatu vichomoe kodi kwa pamoja kwenye 1, 4, 7, 11 na 14. João Gilberto, mwimbaji na mpiga gitaa wa Brazil aliyeutambulisha mtindo huu kwenye rekodi zake za 1958, alikipa kidole gumba kazi ya surdo, ngoma kubwa ya samba ya Rio de Janeiro, na vidole vingine kazi ya tamborim, ile ndogo yenye sauti kali. Rudia hadi uweze kupiga soga huku mkono unaendelea.

Hatua ya 4. Ngoma: mkono mmoja ushike brashi, na mwingine fimbo igonge ukingo wa snea (ngoma ndogo bapa) kwenye namba zilezile za kodi.

Hatua ya 5. Imba karibu na maikrofoni, kwa sauti ya maongezi, bila kuitetemesha mwishoni mwa mstari. Mimi madoido hapa siyataki kabisa. Astrud Gilberto, mke wa João wakati huo, aliingia studio New York mwaka 1963 akiwa si mwimbaji wa kulipwa, na sauti yake iliyonyooka ikapendwa dunia nzima.

Hatua ya 6. Vayolini na filimbi ziingie mwimbaji anaponyamaza. Weka mwangwi wa pleti (unaoiga mtetemo wa bamba la chuma), sekunde mbili hivi, kwenye sauti na vayolini. Gitaa liache kavu, bila mwangwi.