Pima umbo la hoja kabla ya kubishana

Mkiwa barazani, mtu akasema: "Karafuu zikinyeshewa jamvini huharibika rangi. Hizi zimeharibika rangi, basi zilinyeshewa," usikimbilie kukubali. Kauli mbili za mwanzo zaweza kuwa kweli na hitimisho likawa uongo. Karafuu mbichi zikirundikwa muda mrefu bila kuanikwa hupata joto, zikavunda, na rangi yake huharibika vilevile.

Njia ninayoipenda mimi ni kubakisha umbo la hoja, yaani jinsi kauli zake zinavyoungana, na kubadilisha yaliyomo: "Aliyezaliwa Wete kazaliwa Pemba. Fulani kazaliwa Pemba, basi kazaliwa Wete." Na aliyezaliwa Mkoani, mji mwingine wa Pemba, je? Hapo pengo linaonekana, hata kwa aliyekuwa akibisha kwa sauti kubwa.

Umbo likiwa zima, ndipo uulize kama madai yenyewe ni kweli. Na hoja ikijengwa juu ya mifano, tazama mifano hiyo imetoka wapi. Aliyechota konzi moja juu ya gunia hajui ya chini. Mwambie azamishe mkono, achote katikati na chini pia, kisha ndiyo atwambie gunia zima likoje.