Kata sufuri moja upate baiti, kwa zile waya za data za zamani

Jana nlikuwa gatini hapa Lamu nafunga GPS ya kitambo kwa boti, nyuma imeandikwa 4800, yaani biti 4800 kwa sekunde, na hii hesabu imenisaidia sana. Ukiona kifaa cha siriali (kinachotuma data biti moja moja kwa waya), iwe GPS, mizani ama printa ya risiti, imeandikwa 4800 au 9600, usigawanye kwa 8, gawanya kwa 10 yaani kata ile sufuri ya mwisho tu, 4800 inakuwa baiti 480 kwa sekunde, 9600 inakuwa 960. Sababu ni kwamba baiti ina biti 8 lakini waya inaongeza biti moja ya kuanzia na moja ya kumalizia, jumla 10. Sasa sentensi moja ya NMEA 0183 (mpangilio wa ujumbe ambao vifaa vya boti hutumiana) inafika hadi herufi 82, kwa hivyo kwa 4800 zinapita sentensi kama 5 tu kwa sekunde zikiwa ndefu kabisa, ndo maana ukiwasha kila ujumbe skrini inachelewa, zima zile huzihitaji wallahi utaona tofauti.

Inapokataa: kukiwa na biti ya pariti (ya kukagua makosa) juu ya zile 8 za data, gawanya kwa 11. Intaneti ya bando hapo ndo unagawanya kwa 8, megabiti 8 ni megabaiti 1 na kiuhalisia utapata chini kidogo. Na modemu za laini ya simu angalia sana, baudi (idadi ya mabadiliko ya mlio kwa sekunde) sio biti, ile ya biti 2400 kwa sekunde ilikuwa baudi 600, kila badiliko la mlio linabeba biti 4, so anza na biti kwa sekunde.