Unataka kufunga UWB ghalani Kigoma? Anza na sheria za masafa, tagi zitafuata

Wadau wa maghala na viwanda huku Kigoma, kuna hii teknolojia ya UWB (ultra-wideband, redio ya mawimbi mapana sana) watu wameanza kuiulizia, ile ya kufuatilia foklifti, paleti na hata wafanyakazi ndani ya jengo kwa usahihi wa sentimita 10 mpaka 30 hivi. GPS chini ya bati haifui dafu, bluetooth inakupa makisio ya mita kadhaa, UWB yenyewe inapima muda ambao wimbi limesafiri (wimbi linaenda kama sentimita 30 kwa nanosekunde moja) ndo maana inakuwa kali hivyo. Muuzaji atakuonyesha ramani kwenye skrini, nukta zinatembea, unapagawa unatoa hela. Asichokwambia ni kwamba idadi ya anka (vile visanduku vya kudumu vinavyopimana na tagi) utakazonunua, umbali kati ya anka na anka, mpaka betri ya tagi (kile kidude kinachobandikwa kwenye kitu unachofuatilia) ikae muda gani, vyote hivyo sheria ya redio imeshaviamua kabla hujapanda ngazi.

Kwanza elewa kwa nini iko hivyo. UWB haina masafa yake, inapita juu ya masafa ya watu wengine, kuna linki za minara ya simu humo, kuna setilaiti, kuna rada. Kwahiyo wadhibiti waliiambia pita ila nong'ona. Marekani kupitia FCC, mdhibiti wao wa mawasiliano, walifungua 3.1 mpaka 10.6 GHz mwaka 2002 kwa kikomo cha -41.3 dBm (kipimo cha nguvu ya redio) kwa kila megahezi moja, Ulaya wakaja 2007 na kikomo hichohicho ila kwa bendi nyembamba zaidi, na nchi nyingi zimefuata njia moja kati ya hizo mbili. Chukua hiyo namba uitandaze kwenye mawimbi ya upana wa 500 MHz, jumla unapata kama mikrowati 37. WiFi ya kawaida ya 2.4 GHz inaruhusiwa Ulaya mpaka miliwati 100, yaani mara 2,700 hivi ya hapo.

Sasa fundi akikwambia "bosi usijali ntaongeza pawa ifike kona ile", mkatalie. Na asikuzungushe na antena, maana kikomo kinapimwa kwa nguvu inayotoka hewani baada ya antena, ukifunga antena inayoongeza desibeli 6 inabidi ushushe pawa desibeli 6 upande wa chipu, kwahiyo kwa umbali wa kurusha hujapata kitu, umebadilisha tu uelekeo. Kona isiyofikika dawa yake ni anka nyingine. Zifunge juu, zionane na tagi bila kuzibwa na marundo ya saruji au madumu ya mawese, na mwili wa mtu pia unameza mawimbi haya vizuri sana, tagi ya kifuani ukiigeuzia mgongo anka usishangae namba zikiruka.

Pili ni chaneli, hapa usiharakishe. Kwenye vifaa vingi utakutana na chaneli 2 iliyo kwenye 3993.6 MHz, chaneli 5 kwenye 6489.6 na chaneli 9 kwenye 7987.2, kila moja upana wake kama 500 MHz. Chaneli 2 inafika mbali, ukilinganisha na 9 kwa pawa ileile inafika karibu mara mbili pakiwa wazi, ndo maana vifaa vya zamani na vya bei rahisi viko huko. Shida yake ni kwamba inakaa katikati ya masafa ambayo yale madishi makubwa ya futi sita yanapokelea setilaiti, na we unayajua yalivyojaa kuanzia Ujiji mpaka Mwandiga. Ulaya bendi hiyo ya 3.1 mpaka 4.8 GHz hawakuiachia hivihivi, kifaa kwa kawaida inabidi kijibane muda wa kurusha: kila mara kisizidi milisekunde 5, ndani ya sekunde moja kisizidi asilimia 5, na ndani ya saa nzima kisizidi sekunde 18.

Piga hesabu uone inavyouma. Tuseme kila sekunde tagi inapimana na anka nne kwa kwenda na kurudi, tagi inaitumia kila anka meseji mbili, hizo ni nane. Kwa spidi ya chini ya 110 kbps meseji moja inachukua kama milisekunde 3, jumla 24 kila sekunde, kwa saa ni sekunde 86. Umeshavunja. Ukibadili ukatumia mtindo ambao tagi inapiga mlio mmoja tu na anka zenyewe zinalinganisha nani kasikia kwanza, ni sekunde 10.8 kwa saa, unapita. Ukipandisha spidi mpaka 6.8 Mbps meseji inashuka kwenye milisekunde 0.2 hivi, hapo huna hata cha kuwaza, na betri inakushukuru, ila umbali unapungua. Ndo hivyo, kila kitu hapa unavuta upande mmoja upande mwingine unalegea.

Kwa ghala jipya mi ningeenda chaneli 9. Ulaya kuanzia 6 mpaka 8.5 GHz hawadai hiyo kanuni ya kujibana muda. Chaneli 5 nayo imo humo, ila kwenye mkutano wa dunia wa redio wa 2023 masafa ya 6425 mpaka 7125 MHz yalitengwa kwa ajili ya simu kwenye kanda namba 1 ya ITU (shirika la mawasiliano la Umoja wa Mataifa), ambayo Afrika imo, na chaneli 5 imelalia hapohapo, bado WiFi mpya za 6 GHz nazo zinasogea. Wakija hao na pawa zao, mnong'ono wako hausikiki, na huna pa kulalamika kwa sababu UWB haina kinga, we ndo mgeni. Chaneli 9 nayo haijapona moja kwa moja, mkutano wa 2027 unaangalia vipande vya 7125 mpaka 8400, ila kwa sasa ndo penye nafuu.

Tatu, na hili la bandarini kabisa: ndani ni wapi na nje ni wapi? Kanuni za FCC kwa mifumo ya ndani zinakataza kufunga miundombinu nje na zinakataza kuelekeza mawimbi nje ya jengo makusudi, Ulaya nao walianza na katazo la vifaa vya kudumu nje, wamekuja kulegeza miaka ya karibuni kwa masharti. Ghala lenye milango mipana inayotazama gati usifunge anka ikichungulia nje, igeuze itazame ndani. FCC pia hawaruhusu UWB itumike ndani ya meli. Paleti yako ikipakiwa kwenda Bujumbura au Kalemie na tagi yake bado inapiga kelele, kama vifaa vyako vimejengwa kwa kanuni za Marekani basi tagi imeshatoka nje ya matumizi iliyopimiwa. Weka utaratibu tagi ibanduliwe getini, au nunua zile zinazonyamaza zenyewe zisiposikia anka. Kwa vifaa vya mkononi FCC wanataka kikae kimya ndani ya sekunde 10 kisipopata jibu, kwahiyo muulize muuzaji tagi zake zinalifanyaje hilo, hasa zile za mlio mmoja ambazo kwa kawaida hazisubiri jibu la mtu.

Alafu makaratasi. Stika ya FCC au CE haikupi ruhusa hapa Tanzania, mwenye mamlaka ni TCRA chini ya EPOCA, sheria ya mawasiliano ya kielektroniki na posta ya 2010, na vifaa vya mawasiliano vinatakiwa viwe vimeidhinishwa nao. Waandikie kabla hujaagiza. Usiandike "naomba kufunga mfumo wa ufuatiliaji", andika modeli ya kifaa, chaneli na masafa yake, pawa kwa megahezi, aina ya antena, anka ngapi na tagi ngapi, zinafungwa ndani au nje, ambatanisha ripoti za vipimo vya maabara kutoka kiwandani. Jibu likija mpe nakala wakala wako wa forodha, mzigo usije ukalala.

Na kwenye mkataba na muuzaji weka kipengele kwamba chaneli na pawa zinafungwa kwenye programu ya kifaa, fundi wa zamu asiweze kuzigusa, na kwamba programu ikisasishwa anakupa taarifa ya maandishi kama kuna kilichobadilika upande wa redio.