Betri za akiba na chaja ya betri mbili kwa Canon 80D: tulivyopanga na mdogo wangu

Jumamosi moja, saa kumi na moja alfajiri, simu iliniamsha. Ni mdogo wangu mmoja tunayepiga naye picha za harusi. "Kaka, betri nimeziweka kwenye chaja tangu saa nne usiku na taa bado nyekundu. Bibi harusi anaanza kupambwa saa mbili."

Nikamwazima mbili za kwangu, kazi ikaenda. Jumapili akaja nyumbani na furushi lake lote: kamera, betri tatu, chaja mpya ya kuchomeka betri mbili, nyaya za kila rangi. Tulikaa mezani mpaka magharibi. Niliyomwelekeza ni haya, pamoja na lile lililotupotezea saa tatu nzima.

Hatua ya 1: Soma betri iliyomo

Usiende dukani na jina la kamera, nenda na jina la betri. 80D inatumia ukoo wa LP-E6, na ndani ya ukoo huo utakutana na LP-E6 ya zamani (mAh 1800; mAh ni kipimo cha chaji inayobebwa na betri), LP-E6N (mAh 1865) na LP-E6NH (mAh 2130). Zote tatu zinaingia na zinafanya kazi.

Wenye 750D, 77D au 200D, betri yenu ni LP-E17, tena ina ukorofi wake. Nyingi za kampuni nyingine hazielewani na chaja ya Canon kwa sababu ya chipu iliyo ndani, kwa hiyo ukinunua, nunua pamoja na chaja yake.

Hatua ya 2: Ngapi?

Kwa vipimo vya Canon wenyewe, 80D inapiga picha kama 960 kwa chaji moja ukitazama kwa jicho la kamera, lakini zinashuka hadi kama 300 ukitazama kwa skrini ya nyuma. Mdogo wangu anarekodi video, na video ni skrini muda wote. Ndiyo maana alikuwa analia na betri wakati mimi namaliza sherehe kwa mbili.

Picha bila video: tatu. Moja kwenye kamera, moja mfukoni, moja kwenye chaja. Ukiongeza video: tano. Usinunue nane, utasahau ipi imejaa.

Hatua ya 3: Kununua bila kuuziwa plastiki

Msimamo wangu haujabadilika miaka yote: angalau moja iwe ya Canon, nyingine ziwe za kampuni yenye jina inayotoa risiti na dhamana. Zisizo na jina, ambazo karatasi yake imeandikwa mAh 2600 kwa maandishi makubwa ya dhahabu, ziache hapo hapo kaunta. Fikiria: Canon mwenyewe, kwenye ganda la ukubwa ule ule, ameishia 2130. Mtu wa bei ya chini ameipata wapi hiyo 470 ya juu?

Mizani ndiyo inayomuumbua. LP-E6N ya kweli ina uzito wa karibu gramu 80. Tuliweka mbili za mdogo wangu kwenye mizani ya jikoni ya mke wangu: moja ikasoma 76, sina neno nayo. Ile ya "2600" ikasoma 57. Ganda lile lile, nusu hewa.

Ukiwa dukani ingiza betri kwenye kamera yako mwenyewe. Iteleze bila kusukumwa na itoke bila kuvutwa. Inayobana inaweza kuwa imevimba au ganda lake halikupimwa vizuri, na siku ikigoma kutoka utamtafuta fundi. Halafu fungua menyu ya manjano yenye alama ya spana, nenda kwenye taarifa za betri. Utaona asilimia ya chaji, na chini yake vijiti vya afya ya betri: vitatu vya kijani ni nzima, viwili vya kijani imeanza kuchoka, kimoja chekundu ni ya kubadilishwa. Betri mpya yenye vijiti viwili? Rudisha. Kamera ikilalamika kwamba haielewani na betri, picha utapiga, ila asilimia ndiyo usiiamini tena. Inaweza kukuonyesha imejaa, kisha ikazima katikati ya keki.

Hatua ya 4: Chaja

Ya USB, ya betri mbili, yenye kiskrini kinachoonyesha asilimia au volti za kila betri. Za kitaa chekundu na kijani tu sizipendi, kwa sababu nyekundu ni nyekundu, iwe imebaki dakika kumi au saa sita. Kwenye kiskrini ukiona volti 8.4 na haipandi tena, imejaa. Yangu ni ya Nitecore na nimekaa nayo bila shida. Ile chaja ya Canon ya ukutani usiitupe, ni mzee wa kazi.

Hatua ya 5: Umeme unaoingia kwenye chaja

Hapa ndipo tulipopotea.

Tulianza na hesabu. LP-E6N ni volti 7.2 mara ampia-saa 1.865 (ndizo mAh 1865), karibu wati-saa 13.4. Mbili ni kama 27. Sasa nikamuuliza, "Ulichomeka kwenye kichwa gani?" Akatoa kichwa cha chaja cha simu ya tochi. Maandishi yake madogo, tukayasoma kwa tochi ya simu nyingine: 5V, 0.5A. Hizo ni wati mbili na nusu. Gawanya 27 kwa 2.5, unapata karibu saa kumi na moja, na hapo hujatoa umeme unaopotea kwenye joto. Yeye aliziacha kwa muda wa saa saba tu. Chaja haikuwa na kosa.

Lakini hilo tulilijua mwishoni. Mwanzoni, kabla ya kusoma kichwa, nilifanya ujuaji. Nikachomoa pale, nikachomeka kwenye tundu la kompyuta yangu ya zamani. Taa nyekundu, asilimia hazisogei. (Tundu la USB la kawaida la kompyuta za zamani nalo ni nusu ampia. Nilibadilisha sahani tu, chakula kilikuwa kile kile.) Nikasema basi, lete kichwa cha maana: cha simu yangu, cha kuchaji haraka, chenye tundu la USB-C, na waya wake wa C kwa C. Nikachomeka. Chaja haikuwaka kabisa. Giza.

Nikatangaza imekufa. Nikachukua bisibisi, nikaifungua, nikaikagua bodi kana kwamba najua ninachokitafuta, nikaifunga. Skrubu moja ilibaki mkononi na mpaka leo sijui ni ya wapi. Saa tatu zikaenda hivyo, chai ikapoa.

Aliyetuokoa ni mtoto wangu. Alikuwa anatafuta mahali pa kuchaji kifaa chake cha michezo, akachomeka chaja ya mdogo wangu kwa waya wake wa bei rahisi, ule wenye mdomo mpana wa USB ya kawaida upande mmoja na C upande wa pili. Ikawaka.

Sababu ni hii, ikusaidie usifungue chaja ya watu. Kichwa chenye tundu la USB-C hakimwagi umeme mpaka kione upande wa pili kuna kifaa kinachouomba, na kifaa kinaomba kwa vizuizi viwili vidogo vinavyowekwa kwenye bodi. Watengenezaji wengi wa chaja za bei ndogo wanaviacha ili kubana senti. Kwa waya wa C kwa C kichwa hakioni mtu, kinanyamaza. Kwa waya wa mdomo mpana umeme upo muda wote, hauulizi. Kwa hiyo:

- Chaja isipowaka, badilisha waya kabla ya kuilaani. Beba wa mdomo mpana kwa C, hata kama vitu vyako vyote ni C kwa C.
- Tafuta kichwa kilichoandikwa 5V 2A au zaidi. Cha wati 65 si kibaya, ila hakitakimbiza: chaja inachukua inachohitaji tu.
- Soma na upande wa kutoa wa chaja yenyewe. Ikiwa imeandikwa 8.4V na 400mA kwa kila tundu, hata uichomeke kwenye bwawa la umeme la Mtera, betri moja ya 1865 itataka karibu saa tano.
- Waya mwembamba mrefu unakula umeme njiani. Mita moja, mnene, inatosha.
- Pawabenki ya mAh 10,000 kwa ndani ni wati-saa 37. Ukitoa upotevu inajaza kama mbili, usitarajie zaidi. Nyingine zinajizima betri zikikaribia kujaa, kwa kuwa mwishoni chaja inavuta umeme mdogo sana, pawabenki inadhani hakuna kitu. Usishangae kukuta asilimia 93 asubuhi.

Anza kuchaji saa moja jioni, siyo unapokwenda kulala. Mimi umeme wa luku uliwahi kuniishia saa nane usiku betri zikiwa nusu, nikagundua feni ilipokata na jasho likaniamsha. Na iwe juu ya sakafu ya vigae au meza. Kwenye godoro, hapana.

Hatua ya 6: Alama

Kipande cha utepe mweupe, namba na mwezi wa kununua. Betri ya Canon ina kifuniko chenye tundu lenye umbo la betri. Ukikigeuza upande mmoja tundu linaonyesha bluu, upande wa pili halionyeshi. Bluu kwangu ni imejaa. Kubalianeni na msaidizi wako, maana wa kwangu wa kwanza alikuwa anageuza kinyume.

Ukienda kupiga harusi Zanzibar kwa ndege, betri za akiba ni kwenye begi la mkononi, zimefunikwa sehemu za chuma zinazopitisha umeme. Begi la mizigo haziruhusiwi. Hizi ziko mbali sana na kikomo cha wati-saa 100, hakuna wa kukusumbua.

Ile ya gramu 57 tuliirudisha Kariakoo pamoja na mizani. Muuzaji aliitazama mizani, akaitazama betri, akasema pesa harudishi ila tuchague kitu cha bei hiyo. Tukachukua waya wa mdomo mpana, mnene, wa mita moja.