Kabla hujaanza baiolojia ya chuo

Wiki za mwanzo za baiolojia chuoni huja na majina mengi kwa mpigo: ribosomu, mitokondria, aleli, nefroni, vimeng'enya vya kila aina. Anayeingia akiamini kazi yake ni kuyakariri huchoka mapema, maana majina hayaishi, na mtihani huuliza "kwa nini" kuliko "nini". Yapo mambo machache ambayo ukiyaweka sawa kabla, majina hayo yatapata pa kushika.

Anza na vipimo. Seli nyekundu ya damu ina kipenyo cha mikromita 7 hadi 8. Zipange takriban 130 kwa mstari ndipo zitimize milimita moja. Kapilari, yaani mishipa midogo kabisa ya damu, nyingine ni nyembamba kuliko seli yenyewe, kwa hiyo seli hulazimika kujikunja ili ipite. Ishike picha hiyo, kwa sababu ukitaka kuona jinsi jenetiki inavyofika hadi fiziolojia, hakuna mfano ninaoupenda kuliko selimundu, ugonjwa wa damu wa kurithi.

Katika jeni yenye maelekezo ya mnyororo wa beta wa himoglobini, protini inayobeba oksijeni katika damu, herufi moja tu ya DNA imebadilika: GAG imekuwa GTG. Kwa mabadiliko hayo, asidi amino (kipande kinachojenga protini) ya 6 kati ya 146 haiwi tena asidi ya glutamiki, inayopatana na maji, bali valini, inayoyakwepa. Mtu aliyerithi jeni hiyo kwa baba na kwa mama hana himoglobini ya kawaida ya watu wazima. Himoglobini yake ikishaachia oksijeni, molekuli hunasana na jirani zake, nyuzi ngumu zinajengeka ndani ya seli, na seli iliyokuwa ikijikunja bila taabu inakakamaa na kupinda kama mundu. Inakwama kwenye kapilari. Tishu zilizo mbele zinakosa oksijeni, na mgonjwa anapata maumivu makali ya mifupa. Isitoshe, seli hizo huishi siku 10 hadi 20 badala ya 120 hivi, ndiyo sababu damu yake hupungua. Herufi, protini, seli, mshipa, maumivu: kila kiungo cha mnyororo huo utakifundishwa kama mada ya peke yake, pengine na wahadhiri tofauti, na ni juu yako kuviunganisha.

Jambo la pili ni hesabu ya uwezekano. Wazazi wawili wanaobeba jeni moja ya selimundu kila mmoja wana uwezekano wa 1 kwa 4 wa kupata mtoto mgonjwa, katika kila ujauzito. Wengi husikia hivyo wakadhani kati ya watoto wanne lazima mmoja augue. Sivyo. Uwezekano wa wote wanne kusalimika ni robo tatu ikizidishwa kwa yenyewe mara nne, yaani 81 kwa 256, karibu asilimia 32. Asiyeielewa tofauti hii atajaza mraba wa Punnett, jedwali la kupanga jeni za wazazi, vizuri kabisa kisha akosee swali.

Mgawanyiko wa seli ndipo ninapoona watu wakikwama zaidi, na kitabu peke yake hakisaidii sana. Tafuta uzi. Kata mrefu mwekundu na mrefu wa buluu, kisha mfupi mwekundu na mfupi wa buluu: hizo ni kromosomu nne, jozi mbili, nyekundu za mama na za buluu za baba. Kila uzi utengenezee nakala yake na uzifunge pamoja katikati. Kwa mitosisi, mgawanyiko unaotoa seli zinazofanana, zipange zote nne katika mstari mmoja, fungua mafundo, vuta nakala huku na huku. Kila upande unapata nyuzi nne. Kwa meiosisi, mgawanyiko unaotoa seli za uzazi (gameti), kwanza laza mrefu kando ya mrefu na mfupi kando ya mfupi, kisha tenganisha jozi bila kufungua fundo. Mafundo hufunguliwa katika mgawanyiko wa pili, na kila gameti inabaki na nyuzi mbili. Rudia, safari hii ukigeuza jozi moja, uone mrefu mwekundu akienda na mfupi wa buluu. Hapo mikononi mwako ndipo ilipo kanuni aliyoichapisha Mendel mwaka 1866 kutokana na njegere zake, bila kujua lolote kuhusu kromosomu.

Kisha kuna mteremko wa ukolezi, yaani tofauti ya wingi wa chembe kati ya sehemu mbili, na hapa usiwe na haraka. Chembe huelekea pale zilipo chache; maji huvuka utando kuelekea penye chumvi na sukari nyingi zaidi. Mapafu, figo, utumbo na neva vyote hutegemea hilo. Neva iliyotulia ina takriban milivolti −70 kwa ndani, kwa kuwa seli hutumia nishati kusukuma nje ioni (chembe zenye chaji ya umeme) 3 za sodiamu kila inapoingiza 2 za potasiamu, na potasiamu nayo huvujia nje kwa urahisi kuliko sodiamu inavyoingia. Mlango wa sodiamu ukifunguka, ioni zinamiminika ndani, na huo ndio mwanzo wa ujumbe.

Kemia pitia kidogo tu, ila pH, kipimo cha uasidi, usiiache: damu ikishuka kutoka 7.4 hadi 7.1, ioni za hidrojeni zimekuwa maradufu, ingawa namba yenyewe inaonekana ndogo.

Siku moja kabla ya masomo kuanza, chukua karatasi tupu, funga vitabu, uandike safari yote ya selimundu kutoka GTG hadi maumivu ya mifupa. Pale kalamu itakaposita, anzia hapo kusoma.