Jinsi ya kulinganisha wapiga piano wakali bila kushindanisha spidi

Mimi ni mpiga kinanda wa kwaya tu hapa Dodoma, pande za Kikuyu, na kwa miaka mingi nilikua naamini piano kali ni vidole vya mbio basi. Siku moja mwalimu wangu akaniwekea kipande kimoja mara mbili kwenye simu, majina hataji, akaniuliza unasikia nini. Nikasema hawa watu wawili tofauti kabisa, wa kwanza kijana ana haraka zake, wa pili mzee kakaa kitako. Akacheka, mtu ni mmoja huyo, Glenn Gould wa Kanada, anapiga Goldberg Variations ya mtunzi Bach mwaka 1955 na tena 1981.

Nakushauri na wewe uanzie hapohapo. Ya kwanza ina dakika 38 hivi, ya pili 51, ila usikimbilie kusema kapunguza spidi, maana ile ya 1981 kuna variesheni (vipande vifupi vinavyogeuzageuza wazo moja) alizorudia nusu ya kwanza na za 1955 hakurudia, kwahiyo dakika zinadanganya. Chukua aria ya mwanzo, kile kipande kinachofungua kazi yote, peke yake, 1955 haifiki hata dakika 2 na 1981 inapita 3, hapo ndo utajua alivyobadilika. Halafu ukisikia mtu anaguna humo ndani simu yako haijaharibika, ni Gould mwenyewe alikua anaimbaimba akipiga.

Kabla hujaenda mbali sawazisha sauti, rekodi yenye sauti kubwa siku zote utaiona nzuri kumbe ni volyumu tu. Zima video kwanza, mtu akitikisa nywele masikio yako yameshanunuliwa. Na vaa hedifoni, upepo wetu huu ukianza kupiga mabati, pedali, ile ya mguu inayoacha noti zielee, hutoisikia kabisa.

Sasa hamia kwa mtunzi Chopin, Polonaise Op. 53 (Op. ni namba ya kazi yake), kipande kimoja hichohicho kwa watu watatu: Arthur Rubinstein, Vladimir Horowitz na Martha Argerich, yule Muargentina aliyeshinda mashindano ya Chopin kule Warsaw 1965. Usisikilize yote mara moja utachoka bure. Tafuta katikati, pale mkono wa kushoto unapozunguka noti nne zilezile kwa oktava (noti moja ya juu na ya chini kwa pamoja), kwa sauti ndogo, halafu sauti inakua kama kitu kinakuja kutoka mbali, na ufanye kama mwalimu wa kwaya anavyofanya, sikiliza besi tu, sahau wengine wote. Kwa masikio yangu Horowitz anaanza kwa kunong'ona halafu anaijaza mpaka besi inanguruma, Argerich anatoka mbio tangu mwanzo na hapepesi, Rubinstein yeye hana presha, anakumbuka kwamba hii ni ngoma ya kucheza watu wakiwa wameinua kifua. Rudia tena ukisikiliza mkono wa kulia, rudia ya tatu ukisikiliza noti zinavyoachiwa, zinakatika kavu au zinabaki zinaelea kwenye pedali.

Hilo la kuachia noti wengi wanaliruka ila mimi naona ndo lenyewe. Babu yangu Mgogo akisikia ilimba, kile chombo chetu cha kupigwa kwa dole gumba, nyumba ya pili alikua anakwambia anayepiga ni fulani, wimbo wote wanaujua, tofauti ni dole gumba linavyouacha ule ulimi wa chuma.

Kitu kingine makofi. Polonaise ni moja mbili tatu, piga makofi nao, kofi lako likipotea ujue hapo kaiba muda kidogo ataurudisha mbele, wenyewe wanaita rubato, andika kwenye daftari ni sehemu gani. Usiandike "nzuri", andika "kachelewa kabla ya noti ya juu". Na vyombo navyo uviangalie, piano ya Horowitz ilitengenezwa funguo zake ziwe nyepesi sana na 1986 alisafiri nayo hadi Moscow, kwahiyo wepesi mwingine sio wa vidole peke yake.

Mwisho mpe mtu simu akuchezee bila kukuonyesha majina, uandike unadhani nani. Argerich mimi simkosi, ila Rubinstein na Horowitz wakianzishiwa sehemu za taratibu mpaka leo nawachanganya, na mke wangu anaetoa mtihani ananicheka balaa.